Mkono wa Saa Ndani ya Injini

Mchana mimi ni fundi wa magari. Usiku, watu wakishalala, natandika kitambaa cheupe mezani, navaa lenzi jichoni na kufungua saa za mkono za zamani, zile za springi, zisizojua betri. Hakuna anayenilipa. Nyingi zilinifikia zimeshakufa, na chache nimezimalizia mwenyewe. Mimi nauita uraibu, mke wangu anauita ugonjwa. Lakini saa hizo zimenirekebisha mkono kuliko miaka yote niliyolala chini ya magari. Nitaeleza kilichohama kutoka mezani kwenda gereji, na jinsi nilivyokihamisha, ili na wewe mwenye kazi ya mikono uone chako kiko wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno subira. Haraka haraka haina baraka nimeimbiwa tangu nikiwa mdogo, na haijawahi kunifungulia hata nati moja. Mtu akikwambia "kuwa na subira" huku bolti imeshikwa na kutu, amekusaidia nini? Ukae uitazame? Subira ya kwenye saa haina kukaa. Ni kuuliza kabla ya kukaza. Skrubu ya saa inaweza kuwa ndogo kuliko kichwa cha pini. Ukiilazimisha imekatika, kazi imeisha. Kwa hiyo ikikataa huna la kufanya ila kuuliza: inakataa kwa nini? Kutu? Bisibisi haijakaa? Au inafungukia upande wa pili?

Gari, kwa bahati mbaya, linakubali nguvu. Ukikwama unachukua spana ndefu zaidi. Ukikwama tena unachomeka bomba kwenye spana. Mara tisa bolti inatoka na unajiona fundi, na ile mara ya kumi inakatika unasema bolti ilikuwa mbovu. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi hii miaka ishirini bila kujifunza kuuliza.

Bolti mbili za kifuniko cha thamostati

Hii ilinipata kabla sijaijua saa. Thamostati ni ile valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini. Kifuniko chake kilishikwa na bolti mbili nyembamba, hesi ya milimita 6, chuma ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu. Moja ilitoka vizuri. Ya pili ilikaza, nikaongeza mkono, ikazunguka kama robo, kisha ikawa laini. Nikafurahi, nikadhani imelegea. Kumbe ilikuwa inajisokota. Ule ulaini naukumbuka mpaka leo kwenye kiganja. Halafu tik, kichwa kimebaki ndani ya soketi.

Nikachukua drili palepale, kwa hasira, bila hata kuweka nukta ya katikati. Bolti ni ngumu, aluminiamu ni laini. Biti ikapanda kidogo, ikateleza, ikakimbilia kwenye laini. Kazi ya nusu saa ikala siku mbili, na tundu likaishia na umbo la yai.

Siku hizi bolti ya aina hiyo naiendea hivi.

Naisafisha kwanza. Brashi ya waya kuzunguka kichwa, na msumari uliochongwa kutoa uchafu kwenye mpaka wa bolti na mwili. Natia mafuta ya kulegeza kutu, nagonga kichwa kwa nyundo ndogo mara kumi, kumi na tano, kama anayebisha mlango wa mgonjwa. Mtetemo unayafungulia mafuta njia. Kisha naenda kufanya kazi nyingine. Simaanishi dakika mbili. Kama gari linaweza kulala, lilale.

Kisha soketi. Nachagua ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ya pembe sita inashika ubavu wa kichwa badala ya kung'ata kona zake. Naisukuma mpaka mwisho na kuitikisa. Ikicheza, natafuta nyingine.

Halafu, na hapa vijana hunicheka, naanza kwa kuikaza. Kidogo tu, upana wa ukucha. Nataka kuvunja gundi ya kutu, na gundi haijali umeisogeza upande gani. Ikishasogea, nairudisha, naifungua kidogo kuliko moja ya nane ya mzunguko, naikaza tena, naifungua. Kutu inayosagika inageuka unga, na ukivuta upande mmoja tu unga ule unajazana mbele ya hesi na kukaba upya. Kwenda na kurudi kunautawanya, na mafuta yanapata pa kuingia.

Wakati wote huo nasikiliza kwa mkono. Kuna ukinzani wa aina tatu, na ukizijua hizi tatu umeshajua nusu ya kazi. Kuna unaokwaruza, kama mchanga kati ya meno: hiyo ni kutu inasagika, endelea polepole. Kuna ule wa kukwama kabisa, mkono unagonga ukuta: hapo ongeza mafuta, muda au moto, usiongeze nguvu. Na kuna unaorudi. Huu ndio mbaya. Spana inasogea vizuri, lakini ukiilegeza inarudi ilikotoka kama springi. Kichwa kinazunguka, mkia umebaki palepale, na katikati chuma kinajisokota. Ukiwa huuamini mkono wako bado, piga mstari wa chaki kuanzia kwenye kichwa hadi kwenye mwili wa injini. Achia spana, tazama. Mistari ikirudi kukutana, hujafungua kitu, simama hapo. Kwenye ile bolti yangu ya aibu dalili hiyo ilikuwepo, nami nikaisoma kama habari njema.

Moto nao una hesabu yake. Chuma hutanuka takriban milimita 12 kwa kila kilomita ukikipandisha nyuzijoto moja, na aluminiamu karibu mara mbili ya hapo. Kwenye tundu la milimita 6 tofauti hiyo ni vumbi, karibu sehemu moja ya mia ya milimita hata ukipandisha nyuzijoto mia mbili. Lakini kutu nayo imekaa kwenye nafasi ya vumbi hilohilo. Kwa hiyo pasha kile kinachoizunguka bolti zaidi ya bolti yenyewe, na ufute kwanza mafuta uliyopaka, la sivyo utawasha kingine.

Na ikikatika pamoja na yote haya? Kwenye saa, skrubu ya chuma ikikatikia ndani ya bamba la shaba, kuna ujanja wa zamani: unatoa sehemu zote za chuma, unalitia bamba kwenye maji ya moto yenye shabu (ile ya kusafishia maji, msinielewe vibaya), na shabu inakula chuma taratibu huku shaba ikibaki. Inaweza kuchukua siku nzima. Mara ya kwanza niliiangalia kila robo saa kama mtoto anayesubiri sherehe. Baadaye nikazoea kwamba kuna kazi ambazo mkono wangu hauna nafasi ndani yake. Gereji hakuna shabu, ila tabia ileile ndiyo inayonifanya nisishike drili siku bolti inapokatika. Nalinganisha sehemu iliyokatika kwa tupa, naweka nukta katikati kwa panchi, naitazama kwa lenzi, na ikiwa imekwenda pembeni hata kwa upana wa unywele naisukuma kwa panchi iliyolala mpaka irudi. Nikipata biti inayozunguka kushoto naitumia hiyo. Mara nyingine inaishika bolti na kuitoa kabla sijamaliza kutoboa.

Noa bisibisi

Sikuwahi kufikiria kwamba bisibisi inanolewa. Kwenye saa ni jambo la kwanza: ulimi wake unausugua kwenye jiwe mpaka unajaa mfereji wa skrubu, upana kwa upana, unene kwa unene, bila kuchezacheza. Ukiwa mwembamba unateleza na kuchora bamba zima. Niliporudi gereji nikakagua bisibisi zangu zote; nusu zilikuwa na ncha ya mviringo kama kidole. Nilizisugua kwa tupa jioni moja, na vichwa vya skrubu vikaacha kuliwa.

Kwa wenye pikipiki za Kijapani za zamani kuna nyongeza. Skrubu zao za msalaba, hasa kwenye kabureta, nyingi zimekatwa kwa kiwango cha Kijapani, JIS, si Phillips, ule msalaba wa kawaida. Kwa macho zinafanana. Bisibisi ya Phillips haifiki chini ya msalaba huo, inapanda juu na kula kingo, na wewe unalaumu skrubu kwamba ni laini. Nyingi zina nukta ndogo juu ya kichwa. Nunua bisibisi yake.

Toa nguvu iliyojificha

Saa ya kwanza niliyoifungua ilikuwa imejazwa ufunguo na mimi sikujua. Nilipolegeza daraja linaloshika magurudumu, yote yalizunguka kwa sekunde moja, zzzrr, kisha kimya. Ekseli moja nyembamba kama unywele ilikatika. Tangu hapo, kabla ya kugusa skrubu yoyote, nashika kitufe cha kujazia, nasukuma kile kidole cha chuma kinachozuia springi, na kuiachia springi ijifungue polepole kati ya vidole vyangu.

Gari limejaa springi za namna hiyo zisizoonekana. Waya hasi wa betri. Presha kwenye njia ya petroli. Kifuniko cha rejeta ya moto. Springi ya shokamzoba, ambayo ukifungua nati yake ya juu bila kuibana kwa vibanio inaweza kukuua. Kabla ya spana ya kwanza najiuliza: humu ndani kuna nini kinachosubiri nikosee?

Swali hilo lina mdogo wake: inafungukia wapi? Kwenye saa nyingi kuna skrubu moja yenye hesi ya kushoto, na watengenezaji mara nyingi huikata mistari mitatu kichwani ili fundi aijue. Nati za mpira wa gesi ya asetilini nazo zimechongwa mikato kwenye kona kwa sababu hiyohiyo. Vyuma vinasema. Tunaowahi ndio hatusomi.

Kuanzisha hesi

Hili ndilo ningemfundisha mtu kama angenipa dakika tano tu. Skrubu ya saa hatuianzishi kwa kukaza. Tunaiweka juu ya tundu, tunaizungusha kinyume, kama tunaifungua, kwa uzito wa bisibisi peke yake. Inafika mahali inadondoka. Kidogo sana, karibu husikii, lakini kidole kinajua: mwanzo wa hesi mbili umekutana. Hapo ndipo unageuza na kukaza.

Fanya hivyohivyo kwa bolti, kwa plagi za kuwashia injini, kwa chochote kinachoingia kwenye aluminiamu. Fumba macho ukitaka, macho yanavuruga. Mizunguko mitatu ya kwanza ni ya vidole, spana ibaki mezani. Kwa plagi zilizozama ndani, chomeka kipande cha mpira mwembamba kwenye kichwa cha plagi na uzungushe mpira. Hesi zikipishana, mpira unateleza kabla hujaharibu chochote. Mpira hauna ubishi kama mkono wangu.

Plagi mpya yenye wosha ikishagusa chini kwa vidole, nusu mzunguko hadi theluthi mbili inatosha kwa zile za kawaida za milimita 14. Ile yenye kikalio cha mshazari, isiyo na wosha, inataka moja ya kumi na sita tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na nimeona hedi zilizoharibika kwa sababu mtu alizipa zote mkono mmoja. Injini iwe imepoa.

Tone

Gurudumu la mizani kwenye saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kila sekunde, usiku na mchana. Ungedhani linataka mafuta mengi. Linataka tone ambalo bila lenzi hulioni. Ukizidisha, tone linagusa ukingo, linavutwa na kutandaa kwenye bamba, na pale palipohitaji mafuta panabaki pakavu. Nilikataa kuamini mpaka nikaua saa mbili.

Silikoni ya gasketi inaonyesha hivyohivyo. Watu wanaipaka kama mtu anayepiga plasta. Ile inayotokeza nje unaifuta na kujiona msafi, lakini nyingine imetokeza ndani kiasi kilekile, na siku ikikatika inasafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Mstari mwembamba, usiokatika, unaozunguka matundu ya bolti kwa ndani. Na usitie mafuta ndani ya tundu la bolti lisilotoboka upande wa pili: mafuta hayabonyei, bolti inakuwa pistoni, na chuma kinachozunguka tundu kinaweza kupasuka. Hata kwenye hesi, mafuta yanabadilisha hesabu. Kipimo cha kukaza kilichoandikwa kwa hesi kavu, ukikitumia kwenye hesi iliyolowa, umeivuta bolti kupita alivyokusudia mwenye injini.

Pale saa iliponidanganya

Nisiwafiche. Kuna kipindi niliipenda mno ile mikono laini. Nikafunga bolti ya kumwagia oili kwa hisia za saa, kwa vidole viwili na heshima nyingi. Mteja alirudi siku ya tatu na doa chini ya gari lake. Sikuwa na la kumwambia. Nililipa oili na kuosha sakafu.

Mkono uliozoea saa unajua kuhisi, haujui kupima. Bolti ya milimita 6 ya daraja la 8.8 (namba ya uimara wa chuma chake) inataka kama Newton-mita 10, nati za tairi la gari dogo mara nyingi huzidi 100, na hakuna kidole kinachobeba ngazi zote hizo. Kwa hiyo natumia mkono kuanzisha, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kumalizia. Kwenye silinda hedi nafuata na mpangilio wa kitabu: kwa kawaida kukaza kunaanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na kufungua kunaanzia nje kuja katikati.

Na kuna kazi ambazo hazitaki ustaarabu wowote. Ekzosi iliyooza unaikata. Nikiona bolti ambayo itatupwa hata hivyo, naichukulia msumeno, siibembelezi.

Kama uraibu wako si saa

Usinunue lenzi kwa sababu yangu. Jiulize swali moja kuhusu kile unachokipenda jioni: kinaniadhibu kwa kosa gani, papo hapo? Hicho ndicho ulichojifunza kwelikweli, na hicho ndicho cha kubeba kwenda kazini. Anayevua kwa ndoano anaadhibiwa akivuta mshipi kabla samaki hajakaza. Huyo ana kidole cha kutofautisha mguso na uzito, ampeni kazi ya kupima nafasi za valvu, kwa sababu ile filageji, kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi, inatakiwa ipite ikivutwa kidogo tu, kama karatasi chini ya kitabu. Anayeshona kwa mkono anajua mvuto wa uzi. Atasuka nyaya vizuri kuliko mimi. Mpiga gitaa anasikia waya unavyopanda sauti ukikazwa, na bolti iliyokaza nayo hujibu tofauti na iliyolegea ukiigonga. Nina rafiki seremala anayefuga nyuki. Anasema amejifunza kutoshtuka, basi, na kwenye msumeno wa meza hilo linamtosha.

Kisha chagua kazi moja tu ya gereji au karakana, ile inayokuharibikia mara kwa mara, na ufanye hiyo kwa mkono wa jioni kwa mwezi mzima. Moja. Ukijaribu kubadilisha zote, ifikapo saa nne asubuhi umerudi kwenye bomba lako.

Kwa vijana wanaokuja kwangu nina zoezi la kuanzia. Nawafungia nati kwenye jiliwa, nawapa bolti sita za milimita 6 zilizotumika, na kuwaambia wazikaze mpaka zikatike. Kwa makusudi, polepole, bila kuongea. Ya kwanza inakatika wakishangaa. Ya tatu wanaanza kusema "bado... bado... sasa." Wanakuwa wameukuta ule ulaini, ule niliousoma vibaya kwenye kifuniko cha thamostati, na wameukuta kwenye bolti isiyo na thamani. Ya sita nawaambia waifikishe hapo na wasiivunje. Wa mwisho kuja aliifikisha, akaachia spana, akafuta jasho, kisha akaniuliza kama kuna bolti nyingine zilizobaki kwenye kopo.